Nani Kaandika Nanii?

Feni ya kompyuta ilikuwa ikinguruma tangu ofisi ifunguliwe, na binti wa Bosi alijua wote wanamtazama yeye. Kila alipobonyeza neno ili programu ya kuandikia msimbo impeleke pale neno hilo lilipoanzia, kiduara kilizunguka, kikazunguka tena, na prosesa, ubongo wa mashine, ikaelemewa kabisa. Kompyuta za wenzake nazo zilikuwa hivyohivyo. Kazi ilikwama, na yeye ndiye aliyepewa jukumu la kutafuta ugonjwa.

Alikuwa na hamu ya kuupata kuliko mtu yeyote. Siku alipoajiriwa, baba yake alitangaza mbele ya wote kwamba humu ndani hakuna baba wala binti. Kwake yeye ni Bosi, kama kwa wengine. Haya, akakubali. Lakini siku za karibuni mzee alikuwa amezidisha. Hakumwita hata kwa jina. Akimhitaji, alinyoosha kidole na kusema "wewe hapo." Nyumbani binti alikwishahama na kupanga chumba chake, kwa hiyo baba aliyebaki naye ni huyo wa kunyoosha kidole. Ilimuuma. Alitaka amsikie akimsifu, hata mara moja tu.

Alianza na yaliyo mepesi. Akazima viongezi vya programu kimoja kimoja, feni haikujali. Akafuta mafaili ya muda na kuiwasha kompyuta upya. Ikatulia kidogo, kisha alipobonyeza neno ikarudia kelele zake. Jirani yake wa dawati, waliyembatiza Redio kwa kuwa hazimiki, alishauri kompyuta ikaombewe. Ndipo binti akafungua dirisha linaloonyesha programu inahangaika na kitu gani, akakuta yote yamekwama kwenye neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa nanii.

Kipande cha msimbo cha kupokea maombi kiliitwa nanii. Cha kuyakagua, nanii. Cha kuyafuta, nanii vilevile. Karibu kila faili jipya lilikuwa na nanii yake, na ukiuliza nanii hii imeanzia wapi, programu ya watu ilibidi ipige hodi kwa zote.

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Redio akasogea, na wengine wakaburuta viti vyao wakafuata. Hapo kichwa kikamvimba, akapandisha sauti ili asikike mpaka ukutani.

"Mtu mzima anakosaje jina la kuita kitu? Huyu hata mtoto wake nyumbani atakuwa anaitwa Nanii."

Kicheko kilikatika kuanzia upande wa mlangoni. Bosi alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha chai. Aliitazama skrini, akaitazama sakafu.

"Ni mimi," alisema, akarudi chumbani kwake taratibu.

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Hata Redio alizimika. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze, maana hakumkosea bosi tu; alikuwa amemvua nguo baba yake mbele ya watu wanaokula kwa jasho lake. Alisimama, akamfuata.

Mzee hakumfokea. Angemfokea, ingekuwa nafuu. Alimwonyesha kiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba zamani majina yote alikuwa nayo kichwani. Siku hizi akilihitaji neno, linamkimbia. Basi anaandika nanii ili kazi isilale, akijiambia atarudi kurekebisha, na akirudi neno bado halipo. Kuuliza aliona haya. Angemuuliza nani, na wote ndiye aliyewafundisha kazi?

Machozi yalimtoka binti. Mambo ya bosi na mwajiriwa hakuyakumbuka tena.

"Nisamehe, baba."

"Hujakosa kitu, mwanangu," alisema mzee, akamshika mkono.

Neno hilo hakuwahi kulisikia ndani ya ofisi hii. Aibu yote aliyoingia nayo ikachanganyika na furaha, mpaka akaona haya kufurahi. Akamwahidi kwamba majina atayabadilisha mwenyewe, moja baada ya jingine, na kwamba wenzake hawatasikia lolote kutoka kwake.

Mzee alimshukuru sana. Kisha akachungulia mlangoni, akasogeza kiti karibu, na uso wake ukawa mnyonge.

"Ila nakuomba sana," alinong'ona. "Nina binti yangu, naye anafanya kazi humuhumu. Asije akajua."