Herufi za Mstari Mmoja

"Toa!" alisema mke wa mtunzi. "Toa hiyo takataka machoni pangu."

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alibofya, na fonti nyingine ikajitokeza kwenye kompyuta. Herufi za juu ya noti, zile C na G za kumwongoza mpiga kinanda, sasa zilikuwa na mikia iliyojisokota. Mke wa mtunzi alikunja uso kama aliyekuta unywele kwenye chai.

"Hii nzuri, shemeji. Ina madoido."

"Ina minyoo."

Kilichomtia kinyaa zaidi ni kwamba jamaa alizipenda kwa dhati. Kipenda roho hula nyama mbichi. Alikuwa akitafuna mkate wenye siagi huku akigusagusa kioo, na kila fonti mpya ilikuja na alama ya kidole.

Ulikuwa mstari mmoja tu wa wimbo wa mumewe, na nakala moja tu. Lakini mumewe hakuwahi kuvumilia herufi mbaya. Mara moja alimrudishia mpiga chapa vitabu vyote vya kwaya kwa sababu ya G iliyofanana na sita. Na hii ikishatoka haisahihishwi tena. Wakiikosea, itamsuta mkewe kila atakapoitazama.

"Weka ile ya kawaida. Nene. Mtu aisome akiwa amesimama."

Shemeji akaguna, akaiweka. Herufi zikakaa wima, safi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mke wa mtunzi akashusha pumzi.

Kisha akaona mwisho wa mstari.

"Na huu uchafu nini?"

"Alama ya mwisho. Si mstari ni mmoja tu? Tumalizie vizuri."

"Nani kakwambia unaishia hapo? Wimbo wa kaka yako mwenyewe huujui! Pale unarudiwa. Weka alama ya kurudia, na nukta zake mbili, zionekane."

"Watu watashangaa, shemeji."

"Waache washangae."

Jamaa alijifuta vidole kwenye suruali, akaiweka, akachapa. Karatasi hakuruhusiwa kuishika. Mke wa mtunzi aliibeba mwenyewe, kwa ncha za vidole, hadi kwa fundi ng'ambo ya barabara.

Fundi aliitandaza juu ya jiwe, akapuliza vumbi, akachukua patasi.

"Imekaa vizuri, mama. Na jina la marehemu, tulichonge kwa herufi hizihizi?"