Flashi Yenye Uzi wa Kijani

Sharti la mteja lilikuwa moja tu: flashi ikishatengenezwa, hata fundi mwenyewe asiweze kuifungua.

Fundi alicheka. Katika kibanda chake cha kompyuta watu huja wakilia kwamba wameshindwa kufungua vitu vyao. Hakuna aliyewahi kuja na ombi la kinyume.

"Si yangu, mwanangu," alisema mteja, mama mmoja wa miwani, akiiweka flashi mezani katikati ya skrubu. "Ni ya dada mmoja. Anataka kompyuta nzima ikae humu ndani. Akiichomeka kwenye mashine ya nyumbani, afanye kazi zake. Akiichomoa, mashine isijue kitu."

"Anajificha?"

"Anachokiandika kwenye ile mashine hakikai. Leo kipo, kesho hakipo."

"Hivyo ni virusi, mama."

"Ni kimoja tu. Tena analala nacho kitanda kimoja."

Fundi aliacha kucheka. Alikuwa mwepesi wa huruma, na mwenyewe alilijua hilo. Alimvutia mama kiti, akamweleza polepole. Kuweka mfumo wa kompyuta kwenye flashi si kazi. Kazi ni kuchagua mfumo wa faili, yaani namna flashi itakavyopanga vitu vyake na kuvikumbuka.

"Kuna ule wa kawaida unaosomeka kila mahali. Huo hapana. Mumewe akiichomeka tu, anaona kila kitu peupe. Kuna mwingine mwepesi, hauandiki ovyo, kwa hiyo flashi inadumu. Ila ukichomoa ghafla, vitu vinavurugika. Halafu kuna wa tatu. Huu, kabla haujagusa kitu, unajiandikia kwanza unachotaka kufanya. Ukikatishwa katikati, unarudi na kujipanga. Ubaya wake, kuandika kwingi kunaichosha flashi."

"Wewe ungechukua upi?"

Fundi alimfikiria yule dada asiyemjua: sikio mlangoni, vidole mbiombio. "Wa tatu. Mtu anayeogopa hachomoi taratibu."

Mama wa miwani alimtazama. "Itachoka lini?"

"Baada ya mwaka. Ikibahatika, miwili."

"Hatahitaji muda wote huo."

Fundi aliinama kazini. Mfumo ulipoingia, aliuwekea kufuli la nenosiri, akamsogezea mama kibodi aandike lile alilotumwa, kisha akageukia ukuta kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo.

"Umeoa, fundi?" mama aliuliza nyuma yake.

"Nimeoa. Mke wangu naye anasota na kutafuta kazi. Ameandika barua mpaka vidole vimekufa ganzi. Hakuna hata mmoja aliyemjibu."

"Hata mmoja?"

"Watu wamekosa utu, mama. Mimi namwambia tulia nyumbani, si nipo?"

Kibodi ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

"Na mume akiiokota hii, akaichomeka?"

"Mashine yake itasema haiitambui. Itamwuliza kama aifute, ianze upya."

"Akikubali?"

"Basi, kila kitu kimekwenda." Fundi alitikisa kichwa. "Lakini mtu mwenye moyo hawezi kufuta asichokijua."

"Na wewe? Ungeweza kuifungua?"

"Mimi? Hata nikeshe nayo mwezi mzima, siingii."

"Hilo ndilo alilonituma nikuulize. Anasema hapa mjini hakuna anayezijua hizi kama wewe."

Sifa hiyo ilimpendeza. Alitafuta kwenye droo uzi wa kijani, akaupitisha kwenye tundu la flashi na kuufunga mafundo mawili, isije ikachanganyika na nyingine. Malipo akayakataa. "Mwambie ni zawadi ya kaka yake asiyemjua."

"Nitamfikishia," mama alisema. Akatoka bila kuaga.

Mvua zilianza, zikakatika. Mara mojamoja fundi alimkumbuka yule dada, hasa mchana, alipompigia mkewe simu kumwuliza yuko wapi na yuko na nani. Alitumaini dada huyo amesalimika. Kazi nyingi zilipita mikononi mwake, skrini zilizopasuka, kompyuta zilizomwagiwa chai, lakini ile ndiyo aliyojivunia.

Siku moja simu ya mchana haikupokelewa. Akapiga tena. Akafunga kibanda jua likiwa bado juu.

Mlango wa nyumbani ulikuwa umerudishiwa tu. Chumbani kabati lilikuwa wazi, na upande mmoja henga zilining'inia tupu. Viatu vya mkewe vya kutokea havikuwepo. Sebuleni kila kitu kilikuwa mahali pake, sakafu imepigwa deki, kompyuta imefutwa vumbi. Juu ya kibodi ililazwa flashi yenye uzi wa kijani.

Fundi alikaa. Alilishika fundo, akaligeuza. Lilikuwa lake.

Akaichomeka. Mashine iliwaza kidogo, ikasema haiitambui. Ikamwuliza kama aifute, ianze upya.

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kipanya. Akabonyeza "Ndiyo", kama alivyobonyeza kila mara alipoikuta kwenye mashine hiyo barua ya mkewe ya kuomba kazi.