Kikaratasi Juu ya Uzi

Tahmina ndiye aliyeona kwanza kwamba ni feni iliyokirusha kile kikaratasi, si uzi.

Baba yake alikuwa amekiweka juu ya uzi mmoja wa tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi, akaupiga uzi wa pembeni. Nyuzi zikilingana, mmoja ukipigwa mwingine hutetemeka wenyewe, na kikaratasi huruka. Tangu masikio yake yafe, fundi huyo alitegemea kikaratasi hicho na kidevu cha binti yake. Tahmina akikiinamisha, sauti ni sawa. Watu wa mji wao wa Miraj hawakujua.

"Tayari," baba alisema.

Mwimbaji, mama mmoja aliyekuja kuichukua tanpura, aliugusa uzi. "Fundi, mbona huu unalia kama mbuzi? Leo umeamkaje?"

Baba alicheka, kwa kuwa yule mama alikuwa anatabasamu. Kisha akamgeukia Tahmina, akingoja kidevu.

Kwa ajili ya kidevu hicho aliachishwa shule darasa la tano, na wachumba watatu wakarudishwa.

Shingo yake ilikataa kuinama.

"Baba hasikii, mama," alisema, baba akiwa bado anacheka. "Anayesikia ni mimi, na nimechoka kukaa humu karakanani."