Sanda ya Gülperi

"Fungua, Nazife! Tunaganda huku nje!"

Hamdi aliupiga mlango wa zizi kwa ngumi. Nyuma yake wanaume sita walisimama na jeneza tupu, theluji ikiwafika magotini. Tangu lini msichana mmoja akaoshwa asubuhi nzima?

"Haguswi na mwanamume mpaka nimalize," alijibu Nazife, mwosha wa kijiji. Maji yalisikika yakimwagika sakafuni.

"Mimi ni ami yake. Nina haki ya kumwona uso."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. "Uso upi, Hamdi? Miamba ya korongo haibakizi uso. Unataka uote nini maisha yako yote? Mwache mtoto na sitara yake."

Hamdi akarudi nyuma, akatema mate. "Kaniaibisha akiwa hai, sasa kaniaibisha kwa kifo."

Ndani, Besime, mama yake Gülperi, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiuma ncha ya kitambaa chake cha kichwa asitoe sauti.

Gülperi alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu baba yake afariki, neno la nyumba lilikuwa la Hamdi, na Hamdi alishakata shauri: binti aende kwa Şakir wa kijiji cha ng'ambo, mzee aliyefiwa na mke, na Şakir amtoe binti yake Nigar kwa Rüstem, kaka yake Gülperi. Msichana kwa msichana, harusi mbili siku moja, theluji ikiyeyuka.

Besime aliwahi kupiga magoti. "Shemeji, nioze mimi kwa Şakir. Mwache mwanangu asome."

Hamdi alicheka hadi akapaliwa na chai. "Wewe? Nani anunue kuku aliyekwisha kutaga?"

Rüstem hakucheka, lakini hakumtetea dada yake. Alimpenda Nigar, na kila mtu alijua. Gülperi alipotoroka wakati wa mavuno, ni yeye aliyemfuata hadi barabara kuu na kumrudisha akimburuta. Hamdi alimchapa binti mkanda uani, Rüstem akiwa amemshika mikono. Tangu siku hiyo dada hakumsemesha tena kaka yake.

Kisha ikaja alfajiri hii. Besime na Nazife waliingia kijijini wakikokota sileji, kitoroli cha kuteleza thelujini, na juu yake zulia lililofungwa kwa kamba. "Aliteleza korongoni," Nazife alimwambia kila aliyeuliza. Hakuna aliyeamini. Wote walijua msichana aliyechoka hatelezi. Barabara ya mjini ilikuwa imezibwa na theluji wiki ya tatu. Hapakuwa na daktari wala askari wa kuitwa.

Zizi lilipofunguliwa, sanda ilikuwa imeshafungwa mafundo. Wanaume wakaiweka jenezani, wakanyanyua.

"Mwepesi, maskini," mmoja akasema.

"Hakuwa akila tangu vuli," Nazife akadakia.

Rüstem alimsogelea mama yake, macho mekundu. "Mama, nilidhani atazoea. Wallahi nilidhani atazoea."

"Usinisemeshe," Besime alisema. Hakuthubutu kumtazama.

Hamdi akamshika kijana bega. "Jikaze. Unajua maana yake? Bila Gülperi hakuna Nigar. Şakir hatoi binti bure."

"Najua, ami."

Wanawake hawaendi makaburini. Besime na Nazife walipanda juu ya paa bapa la nyumba, wakatazama ule mstari mweusi wa watu ukipanda mlima. Huko juu walikuwa wamewasha moto wa kinyesi kikavu cha ng'ombe tangu asubuhi ili ardhi ilainike ichimbike.

"Nani anashuka kaburini?" Besime aliuliza.

"Kaka yake. Ndiye wa karibu."

"Si yeye!" Kucha za Besime zilizama kwenye mkono wa mwenzake. "Mtu yeyote, Nazife, ila si yeye."

Lakini Rüstem alikuwa ameshashuka. Walimpokeza sanda, akaipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti nayo. Muda ukapita, hanyanyuki. Waliosimama juu wakainamisha vichwa; walidhani analia.

"Fungua mafundo, mwanangu," imamu akamwambia taratibu. "Umlaze shavu chini, aelekee kibla."

Rüstem akalegeza fundo la kichwani, akaingiza mkono. Vidole vyake havikukuta shavu, wala nywele, wala jeraha. Akausukuma mkono ndani hadi kwenye kiwiko. Makapi makavu ya shayiri, na kati yake mawe.

"Ngoja," Hamdi akasema, akiinama ukingoni. "Nisogezee. Hata kama kaharibika, nimwone mara ya mwisho."

Kule juu ya paa, Besime alikuwa ameacha kupumua.

Rüstem akageuka, akaweka mgongo wake kati ya ami yake na sanda, akalikaza lile fundo kwa nguvu zake zote.

"Nimeshamlaza," akasema. "Leteni udongo."