Jike katika Bwawa la Bi Kalunde

Sato wote wa mabwawani walikuwa madume, wasizaane. Jeni inayogeuza homoni ya kiume kuwa ya kike ilizimwa kabla vifaranga havijauzwa, na bwawa lililokutwa na jike lilitiwa sumu, wakafa samaki wote.

Asubuhi ile Bi Kalunde alimwona sato mmoja amekataa pumba, mashavu yamemvimba. Akamchota kwa beseni la maji. Samaki akafungua mdomo, vitoto vikamwagika. Alikuwa jike.

"Bibi, tumkaange upesi!" alinong'ona mjukuu wake, Nyamizi. "Bwana samaki anakuja kukagua leo. Bwawa likifa tutakula nini?"

"Ana watoto, mjukuu wangu," alisema Bi Kalunde.

Bwana samaki akawa ameshaingia uani. "Shikamoo, bibi." Alitazama beseni. Kisha akaandika daftarini, "Madume watupu," akalifunika beseni kwa khanga taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Usinishukuru, bibi. Jumatatu wanaleta mashine ya kupima maji, inayomtambua jike hata bila kumwona. Ile haioni huruma."

Alipoondoka, Bi Kalunde aliinama juu ya beseni, akaifunua khanga. Vitoto viliogopa kivuli chake, vikakimbilia vyote mdomoni mwa mama yao, naye akaufumba.