Digidigi na Mpaka Wake

Anayebisha na abishe, lakini ilikuwapo siku digidigi, mnyama wa kimo cha paka, alimfukuza chui.

Kila mnyama ana mpaka wake. Kwa tai, nchi inaishia bawa linapochoka. Kwa kiboko, maji yanapokauka. Digidigi na mkewe walizungushia nchi yao malundo ya mavi, na kila asubuhi waliyapitia kuyaongeza.

Siku hiyo Digidigi akamkuta Chui amejinyoosha ndani.

"Wewe! Malundo huyaoni? Hapa ni kwangu!"

Chui akainuka, akainamisha kichwa. "Niwie radhi, mwenye nchi. Kwetu hatuna desturi hiyo. Hebu nionyeshe mpaka wote, nisije nikakosea tena."

"Baba Kipembe, mwache aende zake," mkewe akanong'ona kichakani.

"Nyamaza, mama. Huoni anavyoniogopa?"

Akamtembeza lundo kwa lundo, kifua mbele, akamtajia hata analoanza nalo asubuhi. Chui akashukuru, akatoka.

Kulipokucha, Digidigi akaenda kwenye lundo la kwanza. Chui alikuwa amejibanza upande wa pili wa lundo. Akanyoosha mkono tu, akamvuta.

"Ulisema utauheshimu mpaka!" Digidigi akalia.

"Si sijauvuka? Nchi yako inaishia kwenye mavi. Yetu sisi chui inaishia tunaposhiba."

Mjane alikimbilia mawe ya mbali. Malundo yangalipo, na Chui hajayavuka hata leo. Amelala kando yake, anamngoja mwenye nchi mwingine.