Mwongozo Uko Njiani

Macsen alikuwa hanywi maji siku za shule. Nerys Prothero, naibu mkuu wa shule, alilijua hilo Oktoba, mtoto alipoanguka katikati ya somo la jiografia akakimbizwa hospitali. Daktari alisema figo zimepata maambukizi, akauliza ni kwa nini mtoto anajikausha namna hii.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwenye daftari la shule aliandikwa msichana, kwa jina jingine. Mwenyewe alijijua ni mvulana, na katikati ya Septemba alikuwa amebisha mlango wa Nerys, amesimama na mkoba wake, akamwambia hivyo kwa sauti ya chini. Habari zilipoenea shuleni, wasichana walimtoa chooni kwao, na wavulana wakamtoa kwao. Akaona dawa ni kutokunywa kitu kutwa nzima.

Nerys alikwenda kwa mkuu wa shule, Hefin Bebb, mtu mpole aliyeongoza shule ile ya bondeni kwa miaka kumi na saba. Aliomba jambo dogo: mtoto apewe ufunguo wa choo cha walimu.

Hefin alivua miwani akaifuta kwa tai. "Nikimpa ufunguo leo, kesho wazazi wako hapa mlangoni, keshokutwa bodi inaniita," alisema. "Mwongozo wa serikali uko njiani, Nerys. Tusubiri tuushike mkononi."

Nerys akapiga simu idara ya elimu. Walimwambia ni kweli, mwongozo kuhusu watoto kama Macsen umeshaandikwa, ila ni rasimu, na rasimu ni siri. Akaandika barua rasmi kudai aonyeshwe, kwa haki aliyopewa na sheria. Baada ya wiki nne jibu likaja: haiwezekani, kwani maofisa wanahitaji nafasi ya kushauriana bila woga. Akaomba wafikirie upya. Jibu la pili lilikuwa lile lile, limeongezewa salamu tu. Hata idadi ya kurasa walikataa kumtajia.

Katika chumba cha walimu wakaanza kumtania. Mwalimu wa raga alimuuliza kama serikali nayo inampenda, au anaandika barua za mapenzi peke yake. Hefin ndiye pekee aliyekuwa hacheki. Alimpelekea chai mezani, akasoma kila barua kabla haijatumwa, akamsahihishia mpaka nukta. Alimwambia awakomalie, asichoke, haki iko upande wake. Nerys alimshukuru Mungu kwa kumpa bosi wa namna ile.

Macsen alirudi Januari, akadumu siku tisa. Siku ya kumi mama yake alikuja na mfuko wa plastiki kuchukua viatu vyake vya raga na vitu vilivyokuwa kwenye kabati. Mtoto alisimama kwenye ukumbi, koti limefungwa mpaka shingoni, mvua ikipiga madirisha.

"Mwalimu, ule mwongozo umefika?"

"Bado, mwanangu."

"Basi," alisema Macsen, akamfuata mama yake nje.

Walimpeleka kwa shangazi yake, mji mwingine. Ilipofika Pasaka, Nerys alisikia kwamba haendi shule yoyote. Analala mpaka mchana, na jina lake hataki kuitwa, si la zamani wala la sasa.

Siku aliyosikia hayo Nerys alilia mbele ya Hefin, bila kuficha uso. Hefin alimwekea mkono begani. "Usijilaumu," alimwambia. "Kurasa kumi na nne za serikali zisingemwokoa mtoto yule."

Nerys hakuacha. Alikata rufaa, akasema kama si kwa Macsen, basi kwa atakayebisha mlango baada yake. Kesi ilisikilizwa vuli iliyofuata, jijini Cardiff. Hefin alimwendesha kwa gari lake mwenyewe, mwendo wa saa moja na nusu kwenye mvua, akakaa naye benchi moja. Wakili wa idara alisema siri ile inawalinda watoto. Jaji, mama mmoja mwenye sauti ya mafua, alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza ni mtoto gani hasa aliyelindwa. Wakili alipekua makaratasi yake, akaketi.

Wiki sita baadaye bahasha ikaletwa shuleni. Nerys alikuwa ameshinda, na idara ililazimika kumletea rasimu. Aliibeba moja kwa moja hadi ofisi ya Hefin, kwani aliona si haki kuifungua bila yeye.

Hefin aliitazama ile bahasha, akainuka kufunga dirisha. "Kaifungulie nyumbani," alisema. "Umechoka. Pumzika kwanza."

Lakini Nerys alikuwa ameshaichana. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno machache, na alisoma kwa sauti, akisitasita. Mwanafunzi apewe choo chenye ufunguo siku ile ile anapoomba. Aulizwe anataka kuitwa nani. Shule isisubiri idhini ya mtu yeyote.

Nyuma kabisa kulikuwa na karatasi ambayo jaji aliamuru nayo itolewe: majina ya shule sita zilizokabidhiwa rasimu hiyo ziijaribu, na wakuu wake walioahidi kutunza siri. Nerys alipitisha kidole chini ya kila jina. La tatu lilikuwa la shule yao, rasimu imepokelewa tarehe mbili Septemba, wiki mbili kabla Macsen hajabisha mlango, na mbele yake sahihi ya Hefin Bebb.